Bibi Harusi wa Katito

Kazi yangu ni kulisha watu ambao hawana njaa. Wameshakunywa chai huko walikotoka, wameshiba, halafu wananifuata kutoka mnara wa saa mpaka ziwani huku nikiwaonyesha majumba ya zamani ya Kisumu na kuwaonjesha vitu vitamu. Matembezi ya utamu, ndivyo tunavyoyaita. Watu wa Nairobi wanayapenda sana. Watu wa hapa waliponiona mara ya kwanza na trei yangu waliniuliza kama nimekosa kazi ya maana. Niliwaambia ndiyo, nimekosa, ninyi mnayo?

Nyumbani naitwa Oketch. Kazini naitwa Bwana Jalebi.

Kuna mambo mawili ya kazi hii ambayo lazima uyajue. La kwanza, mwongozaji ndiye anayeonja kwanza. Huku kwetu mtu akikuletea chakula na yeye mwenyewe hajakigusa, unamtazama mara mbili. La pili nililibuni mwenyewe. Kila kikundi kinachokuja, namchagua mama mwenye uso mgumu kuliko wote, namtangaza kuwa bibi harusi wangu wa siku, na kwenye kituo cha kwanza namlisha jalebi kwa mkono wangu kama keki ya arusi. Kuanzia hapo analishwa yeye kwanza kila kituo. Tukifika ziwani, zamu inageuka: yeye ananilisha mimi, na arusi inaisha. Haijawahi kushindwa. Hata mama mmoja mkaguzi wa shule, aliyekuja amenuna kama anakuja kufunga shule yenyewe, aliondoka akipiga vigelegele.

Taabu ya Alhamisi ile ni kwamba haikushindwa.

Walikuwa akina mama wa kanisa kutoka Katito, wamevaa vitambaa vya kijani kichwani, wote sare. Kiongozi wao alikuwa Mama Benta, mwenyekiti, mwanamke ambaye hahitaji kipaza sauti. Nilipoona jina la Katito kwenye simu asubuhi, nilishtuka kidogo. Katito ndiko nyumbani kwa Aloo, mchumba wangu, na Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikuwa niende huko na wazee wangu kujitambulisha kwao. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yake hata kwa picha. Kwa hiyo nilimpigia Aloo, ambaye anafundisha chekechea na kupanga chumba Migosi.

"Nina kikundi cha akina mama wa kwenu. Mamako hayumo?"

Aloo alicheka. "Mama? Mama na matembezi? Tangu baba afariki anajua njia mbili tu, ya kanisa na ya soko. Hata picha hapigwi. Fanya kazi yako, wacha uoga."

Nikafanya kazi yangu.

Chini ya mnara wa saa niliwapanga, nikawaeleza reli ilivyofika hapa mwaka 1901 na maduka ya Wahindi yalivyoota kando yake. Wakati huo macho yangu yalikuwa yanatafuta bibi harusi. Sikutafuta sana. Alikuwa amesimama pembeni, mrefu, mweusi wa kung'aa, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba mimi ndiye mwizi aliyeonywa ajihadhari naye. Wenzake walikuwa wanacheka. Yeye alikuwa anaangalia viatu vyangu.

"Wewe mama mwenye mkoba," nikasema. "Nimetafuta mke mji mzima, kumbe uko hapa. Umeolewa?"

"Niliolewa," akajibu. "Mwenyewe alienda."

"Alienda wapi akuache mzuri hivi?"

"Alifariki, wewe!" Mama Benta alinguruma.

Mtu mwingine angeomba radhi akahamia kwa mama mwingine. Lakini mimi mdomo wangu unatangulia, mimi nafuata baadaye.

"Pole sana, mama. Basi siwezi kushindana naye. Ila kwa haya matembezi ya leo, niruhusu nimshikie zamu. Akiniona huko aliko, atajua angalau kuna mtu anakubebea mkoba."

Alinitazama. Kwanza mabega yakatikisika. Halafu akacheka, kicheko kikavu mwanzoni, kama bomba ambalo halijatoa maji siku nyingi, kisha kikaja chote. Aliinama akashika magoti. Wenzake walitazamana. Mama mmoja alijifuta macho, na hakuwa anacheka.

"Yawa, jamani," akasema Mama Benta polepole. "Tangu mazishi. Tangu mazishi sijamsikia huyu."

Nilijiona daktari.

Kwenye duka la mzee wa Kihindi, lile la mtaa wa nyuma lenye mlango wa mbao na dari la bati lililochorwa maua, jalebi zilikuwa zinatoka kwenye mafuta, za rangi ya machungwa, zimejikunja na kujikunjua kama maandishi ya daktari. Nilionja moja mbele yao. Halafu nikachukua ya pili, nikaikata, nikamwinulia bibi harusi wangu. Vigelegele vikapigwa hadi mzee wa Kihindi akatoka jikoni. Mama aliziba uso, akajitoa, akajirudisha, akafungua mdomo. Nikamlisha. Shira ikamtiririka kidevuni, nikaipangusa kwa karatasi. Mama Benta akapiga picha, tena akaomba turudie, tukarudia.

"Chwora," bibi harusi akasema akitafuna, yaani mume wangu, "hii ni tamu kuliko ile keki ya kwanza. Ile ilikuwa mkate na sukari juu."

Kutoka hapo alitembea mbele, ubavuni kwangu. Mkoba nilibeba mimi. Aliuliza kila kitu: nani alijenga ile ghorofa, kwa nini madirisha ya huko juu yamezibwa, kama ni kweli Wahindi walilala dukani. Kila nilipotia chumvi alinikamata. "Unadanganya." "Nadanganya kidogo, mama." "Basi endelea, lakini nijue ni uongo."

Tulifika soko la Jubilee, kituo cha pili, kwa Gakenia. Gakenia ni mfanyabiashara aliyetoka Nyeri na kuota mizizi hapa. Anauza karanga, simsim na sukari nguru, na anatuandalia vidonge vya simsim vilivyokandwa kwa ile sukari. Akina mama walikuwa wanachagua karanga wakati simu yangu ilipoita. Alikuwa Aloo.

"Oketch, uko na nani?"

"Niko na bibi harusi wangu," nikasema kwa majivuno. "Usione wivu."

"Nimeona picha. Mama Benta ameiweka kwenye status." Sauti yake ilikuwa nyembamba mno. "Oketch. Huyo unayemlisha ni mama yangu."

Sijui kama umewahi kukanyaga ngazi ambayo haipo.

Niwaeleze wasiojua. Mama mkwe kwetu, maro, si mtu wa kucheza naye. Humtazami usoni. Humshiki mkono. Ukikutana naye njiani, unampisha. Huli mbele yake, naye hali mbele yako, mpaka mambo ya wazee yaishe kwa utaratibu wake. Kuna watu wazima, mabwana wenye mashahada, ambao hukimbia na sahani zao mlango wa nyuma wakisikia maro amefika. Na mimi nilikuwa nimemwita mke wangu. Nilikuwa nimempangusa kidevu.

"Nimwambie?" nikamuuliza Aloo.

"Mbele ya wale akina mama? Usithubutu! Atakufa kwa aibu. Jumamosi hatafungua mlango."

"Basi niendelee?"

"Wazimu! Usiendelee!"

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, Oketch! Si wewe ndiye mjanja?" Akakata simu. Ninafikiri alikuwa analia.

Nikajificha nyuma ya magunia ya karanga. Gakenia akanifuata.

"Nini? Umepata habari mbaya?"

Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa na kikombe cha kupimia mkononi.

"Kwani shida iko wapi? Ni mama mkwe tu, si chui. Huko kwetu angekuomba umsaidie kubeba maji."

"Huku si kwenu, Gakenia."

"Kwani ninyi si Wakristo?"

"Ni Wakristo. Lakini pia ni sisi."

Akatikisa kichwa, akachungulia nje. "Anakuita huyo. Anasema mume wake yuko wapi."

Nilitoka nikitazama sakafu. Kila mtu alikuwa anasubiri. Simsim hailiwi mpaka mwongozaji aonje. Mama Aloo, sasa nilijua jina lake la kweli ni Mama Aloo, alikuwa amesimama katikati, kitambaa kimelegea, anatabasamu kama msichana. Nikasema tumbo limenikamata, Gakenia ataonja badala yangu. Gakenia akaonja. Vizuri. Nikasema pia kwamba bwana harusi anayeumwa hawezi kulisha mtu, basi namteua Zacchaeus awe bwana harusi wa pili. Zacchaeus ndiye dereva wa basi lao dogo, mzee mpole aliyekuja sokoni kutafuta kivuli.

"Mimi?" Zacchaeus akarudi nyuma. "Mimi nina wangu nyumbani, tena mkali."

"Mimi," akasema Mama Aloo, "sibadilishi bwana katikati ya arusi. Kwani hii ni mechi?"

Akina mama walianguka juu ya magunia kwa kucheka. Mama Benta akaanza kupiga makofi akidai kidonge. Wote wakafuata. Soko zima likageuka kutazama. Wenye vibanda vya mboga waliacha wateja.

Ningefanya nini? Ukiwa na dawa ya tatizo hili, niandikie. Nilichukua kidonge cha simsim kwa vidole viwili, nikageuza uso nikatazama ukuta, nikanyoosha mkono kuelekea nilikodhani mdomo wake ulipo. Nikamgonga puani.

Alicheka mpaka akaketi chini.

"Huyu kijana," aliwaambia wenzake akijipangusa, "huyu kijana ataniua kwa kucheka. Ona anavyojifanya ana haya!"

Ndiyo maana nasema haikushindwa. Kila nilichofanya kumkimbia kiligeuka kichekesho. Nilipokaa kimya, alisema nimenuna kama bwana aliyenyimwa samaki. Nilipotembea nyuma kabisa ya msafara, alirudi nyuma kunitafuta. Nilipompa mtu mwingine mkoba wake aubebe, aliniuliza kwa sauti kama tayari nimemwacha. Nilijaribu kueleza historia tu, kavukavu, kama kitabu cha darasa la saba, nikawaonyesha stesheni ya zamani na kuwataja wakoloni mmoja mmoja. Walicheka wakidhani nawaigiza walimu wao. Sijawahi kuwa mchekeshaji mzuri kama siku ile nilipotaka kuacha.

Na jambo lililonivunja zaidi ni hili: mama alikuwa na furaha. Nilimwona kwa jicho la pembeni akimshika mkono Mama Benta na kuutikisa, akimwonyesha kitu juu ya paa. Ningesema neno moja, furaha hiyo ingekatika palepale. Nisiposema, kila kituo nilikuwa nazidi kujichimbia, mpaka Jumamosi nitakapoingia kwake na wazee wangu wenye kofia, naye anione.

Kituo cha mwisho ni karibu na bandari ya zamani, pale reli zinapoingia kwenye nyasi na kuishia. Tunakaa kwenye ukingo wa saruji, tukiyatazama magugu yaliyofunika maji, na kula viazi vitamu vya kuchoma vilivyopakwa asali. Akina mama walivua viatu. Upepo ulikuwa mzuri. Mimi niligawa viazi, nikasimama mbali.

Mama Aloo alikuja na kiazi chake mkononi. Alikuja peke yake. Wengine walikuwa wanapigana picha na ziwa.

"Bwana Jalebi," akasema kwa sauti ya chini, "sasa tuongee ya kweli kidogo. Jumamosi nina wageni. Msichana wangu ameletewa mtu. Kijana wa Kisian, ati anafanya kazi ya utalii ofisini, mtu wa adabu, hasemi sana."

Aloo alikuwa amenipamba.

"Nimeogopa hiyo siku," akaendelea. "Boma halina mwanamume. Wazee wa upande wetu wataongea kama wako msibani. Nataka mtu wa kuchangamsha. Uje uwe msemaji wa sherehe. Watu wacheke. Nataka pale nyumbani pachekwe tena. Utakuja?"

Nilitazama reli. Ulimi wangu, ambao ndio unaonilipia nyumba, ulilala chini.

"Ama unaniogopa?" Akacheka. "Haya, kwanza tumalize arusi. Mama Benta alisema zamu ya mwisho ni yangu." Akamenya kiazi, akakata kipande, asali ikashuka kwenye kidole chake. Akakiinua mpaka mdomoni kwangu. "Fungua."

Sikufungua.

"Fungua, nyathina, mwanangu. Kwani nimeweka sumu?"

Nilikuwa nimefikiria uongo mwingi njiani. Kwamba nina jino bovu. Kwamba nimefunga. Hakuna hata mmoja uliokuja. Niliinamisha macho na kusema kitu pekee kilichobaki.

"Mama, mimi siwezi kula mbele yako."

Mkono wake ulibaki hewani. Sikumwona usoni, niliona mkono tu. Mtu wa Katito hahitaji kuambiwa mara mbili. Kuna kijana wa aina moja tu duniani anayeweza kumwambia hivyo.

"Unaitwa nani?" Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Oketch."

"Wa wapi?"

"Kisian, mama."

Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele ningejua pa kusimama. Alikiweka kile kiazi juu ya saruji, polepole, kama mtu anayeweka yai. Alivuta leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, akajifunika kichwa na mabega. Halafu akanipa mgongo, akaondoka, akaenda kukaa mbali kabisa upande wa pili, akitazama maji.

Mama Benta aliona. Alikuja mbio bila viatu.

"Umemwambia nini mama wa watu? Ee? Umemtukana? Tulikuachia ucheze, sasa umepita mpaka!"

"Sijamtukana, mama."

"Mbona analia? Tumemwona anacheka mara ya kwanza tangu mazishi, dakika hii analia! Umesema nini?"

Wengine walikuwa wameshasimama, wamenizunguka, mikono viunoni. Ningejitetea vipi? Kila jibu lilikuwa la kumwaibisha. Nilisimama na trei yangu kama mtu aliyekamatwa nayo.

"Benta!" Mama Aloo aliita bila kugeuka.

Mama Benta alimwendea. Walinong'ona. Nilimwona mwenyekiti akifunika mdomo kwa kiganja, kisha kwa viganja viwili. Alirudi akitembea taratibu, na alipobakiza hatua chache kunifikia alisimama, akageuka pembeni, akaongea na ziwa.

"Mama anasema," akaanza, na sauti yake ile kubwa ikawa ndogo, "Jumamosi mje mapema, kabla jua halijawa kali. Wazee wako ndio waongee. Wewe usiseme kitu."

"Kwa hiyo amenikubali?"

"Angekuwa amekukataa angekutazama," alisema Mama Benta, bado kwa ziwa. "Na mimi usiniulize tena. Aloo ni mtoto wangu pia. Wote hapa ni mama zake."

Ndipo nilipoelewa ukubwa wa msiba wangu. Neno lilipita kwa akina mama, kichwa hadi kichwa, na mmoja baada ya mwingine walijifunika leso na kugeuka. Kikundi kizima. Wale waliokuwa wanipige sekunde chache zilizopita sasa hawakuweza hata kunitazama, nami sikuweza kuwatazama wao. Nilikuwa na msafara mzima wa mama wakwe, trei iliyojaa viazi ambavyo hakuna ambaye angevila mimi nikiwepo, na basi lililokuwa limeegeshwa kule stesheni, ambako njia yake naijua mimi tu.

Simu iliita. Aloo. "Ameshajua? Amesema nini?"

"Hajaniambia chochote. Amenipa mgongo."

"Kweli?" Alipiga kelele za furaha, nikaiweka simu mbali na sikio. "Oketch, amekukubali! Umefaulu!"

"Alikuwa anacheka na mimi, Aloo," nikasema. "Alikuwa anacheka sana."

"Sasa unataka nini tena?"

Nilikuwa na mchumba. Nilikuwa na mama mkwe mwenye heshima zake, ambaye angekaa mbali nami kwa adabu maisha yake yote, na nyumbani kwake Jumamosi wazee wangeongea kama msibani kwa sababu mtu pekee aliyemtaka kuwachekesha ndiye aliyeamriwa kunyamaza.

Nilianza kutembea mbele. Sikugeuka, maana mkwe hageuki. Nilisikia ndala na viatu vya Jumapili vikiburuta changarawe nyuma yangu, mbali kidogo, kwa hiyo nilijua wanafuata. Nikaona si vizuri kuwapeleka kimya. Walikuwa wamekuja kwa matembezi. Tulipopita kwenye ghala la zamani la mabati nilieleza kwa sauti, nikiuambia upepo wa mbele, kwamba hapa ndipo pamba ilipokuwa ikipakiwa kwenye meli. Nilieleza kwamba fundi mmoja aliyejenga paa hili alianguka kutoka juu akatua kwenye marobota ya pamba, akalala usingizi mpaka jioni, na mkewe akadhani amekimbilia Uganda.

Ilikuwa uongo mtupu. Nilisubiri mtu aniambie nadanganya. Viatu viliendelea kuburuta.